Vipande vya Wahabu

Baiskeli ya katekista iliibwa mchana kweupe mbele ya kanisa, mwenyewe akiwa ndani anafundisha amri ya saba, Usiibe. Kasese nzima ikacheka. Jioni ikaacha kucheka, kila mtu akaanza kufunga mlango wake kwa komeo.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. Reli ilikuwa imefika juzijuzi, na kila treni iliteremsha watu ambao hakuna aliyewajua: wachimba shaba, wachuuzi, wapishi, na wengine waliosema wana kazi lakini hawakusema kazi gani. Katika hoteli moja karibu na stesheni, watu walikuwa wakibishana juu ya wizi huku wakinywa chai.

"Dawa ni kipande," alisema dereva mmoja wa lori. "Kenya kila mtu anacho. Hapo Kongo Wabelgiji wamewapa watu vitabu. Ukiulizwa wewe nani, unaonyesha. Hapa kwetu mtu anaiba leo akiitwa Musa, kesho anaitwa Petero, kesho kutwa ni shemeji yako."

"Serikali italeta lini?" mwenzake akauliza.

Serikali haikuwa na habari hizo. Lakini kwenye meza ya pembeni alikuwapo Wahabu, ambaye alikuwa mwepesi kuliko serikali. Aliweka kikombe chini, akapangusa mdomo, akatoka bila kulipa chai.

Wahabu alikuwa mpishi wa jeshi kule Burma wakati wa vita. Huko alibeba masufuria, lakini katika hadithi zake alibeba siri za majenerali. Alibaki na koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na sauti ya kuamrisha ambayo ilifungua milango mingi kuliko funguo. Alikata maboksi ya sabuni yakawa vikadi safi, akanunua kidau cha wino, na kutoka kwenye kisigino cha kiatu cha mpira akachonga muhuri wenye picha ya korongo, ndege wa nembo ya Uganda. Kisha akapanda lori kwenda Bwera, karibu na mpaka, ambako watu walivuka mto Lubiriha kwenda na kurudi Kongo kama wanaokwenda chooni, na kila mmoja alikuwa na jirani anayemshuku.

Kwanza alimtafuta mwenye tamaa. Hakutafuta sana. Badiru alikuwa na duka, ghala na lori, na alinunua kahawa ya watu wote kwa mizani ambayo haikupenda wakulima.

"Bwana Badiru," Wahabu alimwambia, "serikali inatafuta wakala. Mtu mwaminifu, mwenye ghala kubwa."

"Uaminifu niko nayo," Badiru akajibu haraka. "Na ghala iko kubwa."

"Basi wewe ni wakala. Kazi yako ni kuwaambia watu: bila kipande, hakuna kuuza kahawa."

Badiru alifikiri wafanyabiashara wenzake watakavyoumwa na wivu, akakubali kabla Wahabu hajamaliza kupumua. Akaagiza meza itolewe kwenye baraza la duka. Siku ya soko, foleni ilifika barabarani.

Wahabu hakupokea fedha. Alisema fedha ni rushwa, na serikali haipendi rushwa; alipokea "ushuru wa vitu". Mtu alileta kahawa, mwingine chumvi ya Katwe, mwingine samaki wakavu wa Kasenyi, mwingine kuku. Vyote vikaingia ghala la Badiru. Kila aliyelipa aliandikwa jina, akachovya dole gumba, na korongo akatua juu ya kikadi kwa kishindo.

"Huyu kuku ni ya nini?" mzee mmoja aliuliza, akikigeuza kikadi chake juu chini.

"Simama wima! Huyo ni korongo wa serikali."

"Na kwa nini kipande inanuka sabuni?"

"Kwa sababu serikali ni safi."

Mzee akaridhika. Wahabu akapanda kwenye kiti, akawahutubia. "Wananchi! Mwizi ni mtu asiyejulikana. Tukijulikana wote, mwizi atajificha wapi? Msimpe mtu kitu bila kipande. Msimwamini mtu bila kipande. Hata akisema ni ndugu yako, mwambie lete kipande!"

"Lakini afande," sauti ya mwanamke ikatoka kwenye foleni, "mwizi akipata kipande, si atakuwa mwizi mwenye kipande?"

Watu wakacheka. Wahabu naye akacheka, kwa sababu aliyeuliza alikuwa mzuri. Zamu yake ilipofika alimkaribisha mwenyewe.

"Jina?"

"Zerida."

"Mume?"

"Sina, afande. Alinileta Kilembe akichimba shaba, halafu akarudi kwao Kigezi, akanisahau kama mwavuli."

"Basi hapo tutaacha wazi."

"Usiache wazi. Kipande cha mwanamke kikiwa na nafasi tupu, kila askari wa mpakani atataka kuijaza. Niandikie jina la mtu anayeheshimiwa."

"Kama nani?"

Zerida alivitazama vile vifungo vya shaba, akainamisha macho. "Bwera hii mimi namjua mmoja tu."

Wahabu alijisikia kama amevishwa nishani. Akaandika kwa mwandiko wa madaha, *mke wa Wahabu*, akagonga muhuri mara mbili, na kuku aliyeletwa na Zerida akamrudishia.

Ghala lilikuwa limejaa. Kesho yake lori la Badiru lingebeba kila kitu hadi Kasese, "kwenye boma", na kutoka hapo Wahabu na treni wangejuana wenyewe. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini wajumbe wakaja kutoka kijiji cha mlimani, wakisema na wao wanataka vipande, wana kahawa nyingi. Wahabu hakuweza kuwanyima.

"Mizigo isitoke bila kipande," alimwagiza Badiru, akapanda mlima.

Kahawa nyingi ya kule mlimani ilikuwa ingali mitini. Aliporudi mchana wa siku ya pili, miguu imevimba, alikuta ghala limebaki na kapu moja la samaki.

"Mizigo iko wapi?"

"Bibi yako amebeba," Badiru akasema kwa furaha. "Nimemupa lori."

"Bibi gani?"

"Zerida! Amekuja na kipande. Nimesoma mimi mwenyewe: mke wa Wahabu. Muhuri mara mbili! Mimi wakala, ya kwangu iko na muhuri moja tu."

"Mimi sina mke!"

 Watu waliokuwa wakipima kahawa wakageuka, kila mmoja mkono kwenye mfuko wenye kipande chake.

"Kwa hiyo," Badiru akauliza polepole, "kipande inasema uongo?"

Wahabu aliwatazama. Mzee wa korongo alikuwa ameshika panga, labda kwa ajili ya ndizi. "Hapana," akasema. "Kipande haisemi uongo."

"Basi uko na mke. Mwanamke muzuri vile, unamukana mbele ya watu!" Wanawake wakaguna.

Wahabu akainama kuchukua lile kapu la samaki, apate angalau cha kuuza njiani. Badiru akaweka mguu juu yake. "Lete kipande."

"Mimi ndiye Wahabu!"

"Ile kila mwizi anasema. Umetufundisha weye mwenyewe."

Katika watu wote wa Bwera, ni yeye peke yake ambaye hakuwa na kipande. Ikabidi aandikishwe, na Badiru, kama wakala, ndiye aliyeandika. Ushuru wa vitu ukadaiwa. Wahabu hakuwa na kitu ila koti. Akalivua, na Badiru akalivaa papo hapo, vifungo vyote. Mahali pa mke akajaza, bila kuulizwa: Zerida.

Hivyo Wahabu akashika njia ya Kinyamaseke na fulana iliyotoboka, kapu la samaki kichwani, akimtukana yule mwanamke kwa lugha zote alizojifunza jeshini. Karibu na Kinyamaseke askari wa gombolola, yaani tarafa, akamsimamisha. Jina lake Turyahikayo, mtu mpole, mzito kusoma.

"Jina?"

"Karuhanga, afande," Wahabu akajibu, sauti ya kuamrisha imekwisha kabisa. "Mtu wa Karusandara. Nauza samaki tu."

"Kuna mwanamke amepita jana na lori, analia. Anasema mume wake, Wahabu, anauza vipande vya uongo kule Bwera, na yeye anakimbia aibu. Hujamwona?"

"Wahabu? Sijamsikia kabisa."

Samaki walinuka kiasi cha kumtolea ushahidi. Turyahikayo akamwachia njia. Kisha, kwa sababu kazi ni kazi, akamrudisha na kumpapasa mifuko.

Alikitoa kile kikadi. Alikinusa. Alikisoma herufi baada ya herufi, midomo ikicheza, huku Wahabu akitazama milima.

"Wa-ha-bu," akasema. "Mke, Ze-ri-da." Akakigeuza upande wa pili, akakigeuza tena, na uso wake ukajaa mshangao wa kweli.

"Kumbe hivi vitu vinakamata wezi!" akasema, na akatoa pingu.