Mochi ya Fedha ya Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu alfajiri. Rokuta anaota meno, sijalala. Lakini leo! Leo nimetajirika.

Siku arobaini na tisa za matanga ya marehemu baba mkwe zimetimia, mama mkwe akatuita ghalani tugawane vitu vyake. Kila mtu kimoja, akasema, na asinung'unike mtu. Wifi Chizuru akatangulia, maana ndiye mkubwa na hachoki kutukumbusha. Akachukua birika la chuma. Mimi nikachukua pakiti ya karatasi kuukuu, ndogo kama kipande cha mochi, kile kitumbua cha wali uliopondwa, nzito kama tofali, ina maandishi ya wino na mihuri kila upande. Marehemu alikuwa akisema ndani mna sarafu za fedha za enzi za masamurai, wala haijawahi kufunguliwa. Wifi akacheka mpaka akashikilia mlango. Wenzio wanachagua birika, akasema, wifi yangu unachagua mochi iliyokauka!

Acheke. Mimi nataka baiskeli ya umeme, ile yenye viti viwili vya watoto. Kile kilima cha chekechea kinanimaliza: Rokuta kifuani, Mugi kwenye kiti cha nyuma, mimi nasukuma ya chuma chakavu huku napumua kama ng'ombe. Wifi, akimpeleka wake palepale, hunipita kila asubuhi kwenye yake ya umeme, mgongo wima, hana hata tone la jasho. Tena hupiga kengele. Ya nini? Nimeshamwona!

Jumatano, 5 Juni

Sijalala tena, safari hii kwa mawazo. Jana wifi aliniletea achari ya figili. Kumbe kaleta sumu. Akasema watu wa kale hawakuwa malaika. Wengine walifunga madini ya risasi ndani wakagonga mihuri juu. Eti nimeona kilichomo? Sijaona. Basi, akasema, nina karatasi, sina fedha. Akaaga akitabasamu.

Nikapima kwenye mizani ya unga. Uzito mzuri. Nikajaribu sumaku ya friji. Haikunata. Furaha! Kisha nikakumbuka: risasi nayo ni nzito, nayo hainati. Moyo ukanishuka hadi kwenye ndara.

Nikaamua. Mtu mwerevu hapeleki dukani kitu asichokijua, atapunjwa. Nikaishika pakiti juu ya mvuke wa wali mpaka gundi ikalegea. Mugi akauliza kama babu yumo humo. Nikambusu kipaji cha uso, nikamwambia babu amepumzika mahali pazuri, na mkono autoe mezani. Hakuutoa. Nikamtazama. Akautoa.

Salaale! Vipande vya mstatili, vidogo kuliko kete za dhumna, rundo zima, vyeusi vyeusi. Nikaweka barafu juu ya kimoja. Ikayeyuka kama imewekwa jikoni, na fedha ndiyo huyeyusha barafu upesi hivyo. Fedha! Fedha tupu! Nimecheza na mtoto mgongoni mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Ijumaa, 7 Juni

Siamini.

Nimekwenda kwa Bwana Kuwabara, mwenye duka la sarafu za kale mjini Kobe. Akachukua moja, akaweka lenzi jichoni. Akanionyesha maua ya mcheri yanayozunguka ukingo: moja limegeuzwa kichwa chini makusudi, alama ya mafundi, na waigaji wengi hulisahau. Lipo! Halisi, akasema, akatabasamu. Ndipo nikatoa na karatasi yake.

Tabasamu likafa. Akauliza nani kaifungua. Nikasema mimi, tena kwa fahari. Akakaa chini. Akavua miwani. Mama wewe, akasema, mama wewe, umefanya nini?

Kumbe pakiti hizi zilinunua vitu zikiwa zimefungwa! Zilipita mkono hata mkono, wala hakuna aliyechungulia, maana ule muhuri ndio uliokuwa neno la heshima. Zilizobaki zimefungwa ni za kutafuta kwa tochi, na wakusanyaji huzigombania kama watoto na peremende. Zilizofunguliwa ni chenji. Chenji halisi, nzuri, lakini imejaa tele. Kwa bei ya iliyofungwa ningewanunulia baiskeli kina mama wa mtaa mzima.

Akataja bei ya chenji. Ingetosha baiskeli mpya, viti vyote viwili, na kofia za watoto juu.

Nikakataa! Nipokee chenji, mimi niliyekuwa na hazina juzi? Nimezibeba zote nikarudi nazo.

Jumapili, 9 Juni

Kilichofunguliwa hufungwa. Mbona rahisi! Nimeponda wali nikapata gundi, ileile ya wazee. Nimepanga sarafu, nimekunja palepale penye mikunjo, nimeweka juu jiwe la kukandamizia figili za achari. Mihuri imekataa kukutana sawasawa, lakini kwa unywele tu.

Mume wangu Teppei akauliza kuna nini chini ya jiwe. Nikasema figili. Mugi akadakia kwamba mama amedanganya. Nikamkalisha mapajani nikamweleza vizuri: mama anarekebisha kitu alichokiharibu. Akasema basi ningesema hivyo. Nikampeleka kulala mchana.

Jumanne, 11 Juni

Aibu! Natamani sakafu ya treni ingenimeza.

Nilikwenda Osaka, ambako hanijui mtu. Duka la Bi Orie, mama mzima mwenye mvi nadhifu. Hakutumia hata lenzi. Aliinua pakiti akaipeleka puani. Akasema karatasi ya kale hunuka vumbi na wadudu. Hii inanuka wali wa kifungua kinywa na achari. Halafu akanitazama: ala, wewe ndiye yule mama wa Kobe?

Yule mama wa Kobe! Bwana Kuwabara amewasimulia wauza sarafu wote kwenye mnada wa Jumapili. Eti nusu walilia, nusu walicheka, mmoja akaomba aletewe maji.

Bi Orie akashusha sauti. Kufungua ni bahati mbaya, binti yangu, akasema, lakini kufungua ukafunga ili uuze ni wizi. Una watoto wanaokutazama. Fungua hapa mbele yangu, nami nitasahau. Nikafungua. Gundi yangu ilishika kwelikweli: karatasi ikachanika katikati ya muhuri. Hata karatasi ilikuwa na bei yake, akasema, sasa haina. Nikauza sarafu zote kwa alichotaja, kichwa chini. Hakitoshi baiskeli mpya. Rokuta, kifuani kwangu, akanishika shavu. Nikalia kidogo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepata baiskeli! Ya umeme! Imetumika kidogo, ya kijani, viti viwili. Muuzaji wa mji wa Akashi ameniuzia kwa bei ya kutupa, na betri ameidhamini mwaka mzima, mradi kibandiko chake kisiguswe.

Asubuhi nimepanda kilima kama ndege. Mugi anaimba, Rokuta anacheka upepo, na wifi nimempita. Nimempita! Pale langoni pa chekechea akanipongeza, tena kwa moyo, akasema ni nzuri kuliko yake.

Hapo ndipo niliposhtuka. Wifi anisifu? Na bei ile? Haiwezekani. Lazima ndani mna betri ya bandia. Nimerudi nyumbani, nimemlaza Rokuta, nikachukua bisibisi. Kibandiko nimekitoa taratibu sana kwa ukucha, mtu hatajua.

Betri ni halisi kabisa. Sasa haiwaki.