Mint Barazani

Jumatatu, 13 Januari 2025

Mama yake Badria anamuoza bintiye. Kanambia Jumamosi tumletee majina ya wageni, ataamua nani awaalike, mimi au Bi Zahabiya. Miaka thelathini napita nyumba kwa nyumba kualika harusi za mtaa huu, leo nashindanishwa. Na nani? Na jirani aliyenunua kompyuta na printa, sasa sebule yake anaiita ofisi.

Haya. Kompyuta na mimi ninayo, ya marehemu mume wangu. Ukiiwasha, chai inapoa haijafunguka. Nimeipeleka Mlandege kwa Jawad fundi. Kasema mfumo uliomo umezeeka, niweke Linux, ya bure. Nikamuuliza mwenyewe nani. Akasema haina mwenyewe, watu wa dunia nzima wameishona pamoja, na kila mtu ruhusa kuutazama mshono. Nikamwambia kisicho na mwenyewe mtaani kwetu ni paka. Kanipa flashi mbili, kila moja na Linux ya namna yake, nichague iliyo rahisi kwa anayeanza.

Anayeanza, mimi. Skuli sikwenda, lakini darasa la ngumbaru nilitoka wa kwanza. Tulikuwa wanne.

Jumanne, 14 Januari

Flashi ya kwanza, Ubuntu. Vitufe vyote kavipanga kushoto. Mgeni anayekupa mkono wa kushoto siku ya kwanza, ya pili atakupa nini? Nimeichomoa. Mjukuu wangu Ulfat kacheka mpaka kakaa chini. Nikamtia andazi mdomoni.

Ya pili, Mint. Vitufe vyake viko chini, kama mtu aliyevua viatu akakaa mkekani. Nimeipenda. Ulfat kasema niiweke ndani kabisa ya kompyuta, maana ikikaa kwenye flashi ni ya kujaribia tu, ukizima inasahau yote. Nikamwambia mchumba haingii ndani ukoo wake haujaulizwa. Itakaa kwenye flashi, barazani, siku tatu. Nikiridhika, tutafunga ndoa.

Kasema, Bibi, hii si posa. Nikamwambia ndiyo maana wewe hujaposwa.

Alhamisi, 16 Januari

Wageni mia mbili na kumi na mmoja, nshawaandika wote humo. Kidole kimoja. Siku mbili sijaizima, naifunika kanga tu.

Nimepita kwa Bi Zahabiya makusudi, nimjulie hali. Ana wageni mia na sabini. Masikini. Nimemwambia nitamuombea dua.

Ijumaa, 17 Januari

Umeme umekatika saa nne asubuhi. Uliporudi, Mint imeamka safi kama mtoto wa leo. Mgeni hata mmoja hamna.

Ulfat kakaza midomo. Nikamwambia aseme tu, asije akapasuka. Kasema, Bibi, si nilikwambia?

Andazi leo hapati.

Jumamosi, 18 Januari

Bi Zahabiya kaja na karatasi zake zimechapwa, zina maua pembeni. Mimi mikono mitupu. Mama yake Badria kaniuliza wageni wangu wako wapi. Nikafumba macho, nikaanza kuwataja tangu mlango wa kwanza nyuma ya msikiti, mlango kwa mlango, nikatoka mpaka Mbweni, nikarudi kwa Mtoni. Nilipofika kwa Bi Mwatum, mama yake Badria kashika kifua. Bi Mwatum ni shangazi wa bwana harusi, aliyemlea. Kwenye maua ya Bi Zahabiya hayumo.

Kazi nimepewa mimi. Bi Zahabiya kakunja karatasi zake, uso kama limau. Jioni nimempelekea bakuli la mchuzi wa pweza. Mshindani wangu, lakini hawezi kupika na huzuni ile.

Jumapili, 19 Januari

Ulfat kasema sasa nimeona, kichwa changu kinatosha. Nikamwambia kichwa gani? Mint ndiyo iliyonipa kazi hii. Nisingeandika humo, ningekumbuka nini?

Anataka niiweke ndani leo hii. Haraka za watoto. Siku tatu za Mint zilikatizwa na umeme, kwa hiyo zinaanza upya, barazani, kwenye flashi. Asubuhi nimehamishia humo shajara yangu yote, na majina ya harusi zote za miaka thelathini.

Nikimaliza mstari huu, daftari hili nampelekea muuza njugu. Karatasi zake nzuri za kufungia.