Filta ya Oili na Kikohozi cha Baba Mkwe

Jamani, leo heshima yangu imemwagika yote, pamoja na oili ya gari. Naandika haya nikiwa intaneti kafe hapa Tukuyu, na mwenye kafe amenitandikia gazeti kwenye kiti.

Chanzo ni Sekela. Sekela ni fundi wa magari kule Kiwira. Ni msichana, mzuri, hajaolewa (hayo yote nimeyachunguza mwenyewe). Tangu tununue hili gari la mtumba kutoka Japani, mume wangu Ambakisye haishi safari za Kiwira. Akirudi ni sifa tupu. "Sekela ana mkono mwepesi." "Filta ikigoma, Sekela anaitoboa kwa bisibisi, anaizungusha, inatoka!" Mimi nakaa jikoni namenya ndizi, roho inaniuma hadi kisu kinanikata.

Asubuhi tumerudi kanisani na gari, akasema, "Mama Bupe, kesho nalipeleka Kiwira kubadilisha oili na filta." Alipotoka kwenda kwa jirani, nikasema moyoni: filta hiyo naitoa mwenyewe leo, hapahapa nyumbani Bulyaga, tuone kesho atakwenda Kiwira kufanya nini!

Nikavaa ovaroli lake na mabuti yake ya mvua. Gari limeegeshwa juu ya mfereji, kwa hiyo nikajilaza humo, nikateleza chini ya injini, miguu ikabaki nje. Nikapapasa. Kitu cha kwanza kilikuwa na waya, nikakiacha kwa heshima zote. Cha pili kilikuwa cha moto (Yesu wangu!). Mwishowe huko nyuma ya injini nikagusa kitu cha mviringo kama kopo la maziwa. Filta! Nikaizungusha kwa mikono miwili, wapi. Nikachukua bisibisi.

Hapo nikasikia kikohozi.

Ngoja niwaeleze msio wa huku. Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Mzee wangu anatoka Igogwe, na ni wa kizamani haswa. Akifika hukohoa getini ili mimi nijifiche. Toka niolewe namjua kwa kikohozi na viatu tu. Leo nijifiche wapi, na tayari niko mferejini?

Viatu vikaja vikasimama karibu na mabuti. Mkungu wa ndizi ukatuliwa chini.

"Ugonile, mwanangu Ambakisye?"

Mzee ameona mabuti ya mwanawe! Nikakaza sauti.

"Mm."

"Usitoke, endelea na gali lako. Nimekuja kwa yale maneno ya Kiwila. Yule binti fundi, Sekela."

Bisibisi nikaikamata vizuri.

"Nimelidhika naye. Ng'ombe wa mahali nimeshawapata. Nenda kawaambie wazazi wake."

Mahari! Ng'ombe! Mimi naletewa mke mwenza, na anayeniletea amekuja na ndizi nitakazozipika mimi! Sikumbuki kuamua chochote. Nakumbuka tu nimeidunga ile filta kwa bisibisi kama vile ni Sekela mwenyewe.

Oili ikashuka. Vuguvugu, nyeusi, usoni, puani, mdomoni (ladha yake msiniulize). Nikapiga ukelele ambao hakuna mwanamume anaweza kuupiga, nikachomoka mferejini, na nikajikuta nimesimama uso kwa uso na baba mkwe wangu, nang'aa kama sufuria lililopakwa mafuta, bisibisi mkononi.

Mzee akajifunika kofia usoni. "Nkamwana! Mkwe wangu! Nisamehe!" Akageuka, akajikwaa kwenye mkungu wake, akainuka, akapotelea migombani. Sijawahi kuona mzee ana mbio vile.

Ambakisye akaja mbio na majirani wote.

"Mama Bupe, nini?"

"Kamwoe Sekela wako!"

"Nimwoe mimi? Sekela anaolewa na mdogo wangu Lusajo! Mimi ni mshenga. Mzee alisema tusitangaze mpaka apate ng'ombe."

Majirani wakaanza kucheka. Nikatamani kurudi mferejini.

Sasa nani wa kutoa filta iliyotobolewa? Ikabidi aitwe Sekela. Amekuja, amejilaza palepale nilipolala, ameitoa bila hata kukunja uso. Kisha akanipa kitambaa chake nijifute, akaniuliza kwa upole, "Dada, mbona hukuanza kwa kumwaga oili? Kuna nati chini ya injini. Ukimwaga kwanza, hata ukiikosea filta huchafuki."

Harusi nitapika mimi, na baba mkwe ametuma neno kwamba atakohoa kuanzia stendi.

Basi, wanawake wenzangu wenye wivu, msinicheke: kabla hujadunga, mwaga kwanza.