Mgodi wa Shaba Nyuma ya Choo

Jumatatu, 3 Machi 1975
Nimeshtuka. Shemeji René amekuja likizo kutoka Kolwezi, anakofanya kazi mgodini. (Serikali imefuta majina ya ubatizo. Hapa mtaani kwetu Tshopo, ndani ya nyumba, bado ni René.) Anasema kampuni inayojenga mgodi wa shaba hutoa fedha zake kidogo tu. Kwanza inatafuta mnunuzi. Mnunuzi anaahidi kununua shaba ambayo bado iko chini ya ardhi. Ahadi inapelekwa benki, benki inakopesha, ndipo watu wanachimba. Nilimuuliza tena na tena. Ni kweli. Na mimi miaka yote hii nafanya kazi!

Juzi nilikuwa nachimba choo kipya. Jembe likakwaruza kitu cheusi, ndani chekundu, kinang'aa. Nimekifunika kwa majani ya migomba.

Jumatano, 5 Machi
Mnunuzi: Wenceslas, fundi wa vikuku sokoni. Alichungulia shimoni, akasema ni shaba. Ameahidi kununua yote. Hakutoa hata likuta moja. Haidhuru, kazi yake ni kuahidi.

Benki: likelemba ya akina mama wa mtaa. Kila mwezi wote wanachanga, mmoja anabeba. Niliomba zamu kadhaa zijazo kwa mkupuo. Mama Zaina, mshika mfuko, alinitazama sana.

“Papa Assumani, ahadi ya Wenceslas hailiwi. Dhamana iko wapi?”

Nikataja cherehani. Ni ya mke wangu Madina, ndiyo inayotulisha. Akauliza kama Madina anajua. Nikasema atajua. Sikudanganya.

Ijumaa, 7 Machi
Nimenunua kofia ya chuma, meza, na kibao cha ofisi kuu: DIRECTION GÉNÉRALE. Mkopo umekwisha. René ameshtuka, anauliza nani atachimba. Nikamwambia asubiri kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Salongo! Kila Jumamosi chama kinatutoa sote kufanya kazi ya taifa bila malipo. Nilimweleza citoyen chef, mkuu wa mtaa, kwamba nyuma ya choo changu panahitajika mfereji. Mtaa mzima ukachimba, ukiimba.

Sururu ikagonga shaba. Mwako wa bluu! Mlio! Chef chali matopeni, mzima, bila kofia. Redio zote za mtaa zikanyamaza pamoja. Fundi wa umeme alikuja kutoka bwawa la umeme, akatazama, akasema taratibu kwamba huo ni waya wa mtaa mzima. Nikauliza kama kipande kilichokatika kinauzwa.

Jumapili, 9 Machi
Wenceslas anasema aliahidi shaba ya Mungu, si ya serikali. Akina mama wakaja kuchukua cherehani. Madina alikuwa anashona, sindano ikiwa katikati ya mshono.

“Munabeba nini?”

Mama Zaina akamweleza. Madina hakupiga kelele. Alinigeukia.

“Ungeniuliza, ningekataa.”

Nikamwambia ndiyo maana sikumuuliza. Akachukua mkasi, akaifuata cherehani yake. Sasa anashona barazani kwa Mama Zaina, na analala huko.

Jumanne, 11 Machi
René ameondoka. Mlangoni akataja jambo moja dogo: mgodi ukikwama, mara nyingi benki hukopesha tena, isipoteze mkopo wa kwanza. Nimeshtuka upya. Jambo kama hilo mtu analisema akiwa na sanduku mkononi!

Kesho asubuhi naenda kwa Mama Zaina. Bafwasende kuna dhahabu, na nyaya za umeme hazijafika huko. Dhamana nimeshapata: kitanda. Madina hakitumii.