Nzohe wa Magunia ya Chumvi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kamati ya mazingira imetangaza. Sanamu moja tu, ya taka tupu, itasimama kwenye mzunguko wa barabara mjini Kitale kuwakumbusha watu wanyama wanaotoweka. Itachaguliwa Ijumaa. Miaka ishirini nimewaandikia wahariri barua za kutetea kinamasi cha Saiwa. Sanamu ni yangu! Ila kuna Hiram wa Kibabii, kule Bungoma, na ndovu wake wa mitungi ya plastiki na slipa kuukuu. Mtu wa Bungoma anatafuta nini Kitale? Hapo pana jambo.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza nzohe, swara wetu wa Saiwa. Mifupa ya waya. Ngozi ya magunia ya plastiki yaliyobeba chumvi ya ng'ombe. Mke wangu, Chelagat, ameniomba niyaoshe kwanza. Nimemwuliza ametumwa na nani. Taka ikioshwa si taka tena. Ni vyombo!

Jumatano, 5 Machi
Upelelezi. Nimejifanya mnunuzi wa mitungi, nikaingia karakana aliyokodi Hiram. Anasugua slipa kwa sabuni! Mchana kweupe! Amenipa chai, akaniita Mwalimu kabla sijajitaja. Kisha akanishauri ati nioshe magunia, ng'ombe wasije wakafuata chumvi. Amejuaje habari za magunia? Nilikuwa na moja tu, nimejifunika kwa sababu ya mvua.

Alhamisi, 6 Machi
Nzohe amesimama uani. Fahari tupu. Jirani yangu Gikonyo amepitisha ng'ombe wake hapa mara mbili. Nimeandika saa zote mbili. Nimepelekea kamati barua ya kurasa sita, kumshtaki Hiram kwa usafi.

Ijumaa, 7 Machi
Maafa. Alfajiri nimekuta pembe mbili na waya. Gikonyo alikuwa langoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, ng'ombe wangu amekula swara wako. Tumbo limefura kama ngoma."

Daktari wa mifugo amempasua ubavu, akavuta gunia, na jingine, na jingine. Ng'ombe atapona. Kamati ilikuja kukagua nzohe, ikakagua ng'ombe. Mwenyekiti akasema tangu azaliwe hajaona somo bora kuhusu plastiki na wanyama. Nikasimama wima, tayari kushukuru. Akamalizia kwamba atakayesimama mzungukoni ni ndovu.

Jumamosi, 8 Machi
Hiram amekuja kunipa pole. Ameniomba nihutubie watu siku ya uzinduzi, maana hakuna anayeijua Saiwa kunishinda. Rushwa! Nimemfungulia lango atoke.

Nimetafakari. Ng'ombe hali nzohe mzima bila kuelekezwa. Kosa langu lilikuwa moja: nilijenga mnyama mdogo. Yamebaki magunia kumi na moja. Nitajenga kifaru. Huyo hawatammaliza.

Chelagat nimemkuta bombani, magunia miguuni, sabuni mkononi. Nimewahi kabla hajaloweka hata moja.