Nukta Inayozunguka

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji ametamka leo mbele ya dada yangu: mashua yake ikirudi tupu tena, chumba changu anapewa Binamu yake. Chumba changu! Kinanuka nyavu, sawa, lakini nina kingine? Binamu alikuwepo. Tayari alikuwa anapima ukuta kwa mikono, eti kitanda chake kitakaa wapi. Hana haya yule.

Nikajitetea. Nikamwambia Shemeji jodari hawatafutwi kwa kubahatisha siku hizi. Setilaiti inaonyesha joto la maji, na jodari hupenda pale ya moto yanapokutana na ya baridi. Tena kila chombo chenye kifaa cha kurusha mawimbi ya redio, hata hicho chake, huonekana mtandaoni. Kinachozunguka polepole kimepata samaki. Akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema utafiti. (Video. Bando liliisha katikati.)

Jumanne, 4 Machi
Ramani tayari! Nyekundu ilipogusa bluu, nikatia alama. Natumia mtandao wa bure: hauonyeshi majina ya vyombo, nukta tu, na habari zake ni za jana. Si neno.

Shemeji kaondoka na alama yangu. Dada kanisihi, kama sina hakika niseme sasa, maana atakayebanwa kati ya mume na kaka ni yeye. Nikamwambia atulie. Mwenyewe naifungua ramani kila dakika.

Alhamisi, 6 Machi
Nukta! Pale pale kwenye alama, inazunguka polepole! Niliruka nikagonga rafu. Kuna mtu kapata jodari kwenye alama yangu!

Dada kazungumza na mumewe kwa redio. Shemeji anasema tangu jana anazunguka hapo nilipomtuma, hata dagaa hajaona. Nikasema asithubutu kutoka, kuna chombo kingine kinazunguka hapo hapo, nakiona kwa macho yangu! Akajibu kwamba yuko peke yake. Macho yake yale. Nimewaambia mara ngapi anahitaji miwani?

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe Binamu alinichungulia begani! Kawapelekea manahodha wengine alama yangu, akijidai ni akili yake. Mwizi mkubwa. Nimeshinda kitandani, uso ukutani.

Jumamosi, 8 Machi
Nukta nne, zote zinazunguka! Kama hakuna samaki, wanazunguka nini? Nikamuuliza dada hivyo. Alikuwa anakunja nguo zangu na kuzitia kwenye mfuko. Roho imeniuma sana.

Jumapili, 9 Machi
Dada kanikalisha kitako. Ile nukta ya kwanza ilikuwa Shemeji mwenyewe. Zile tatu ni manahodha wa Binamu. Kila mmoja anamwona mwenzake anazunguka, anadhani mwenzake kapata. Jodari hakuna, wala hawajawahi kuwepo. Sikio la kufa halisikii dawa, akasema, kisha akalia.

Nimewazungusha watu wazima baharini kwa nusu ya video. Binamu kaleta godoro lake, kaliegemeza mlangoni kwangu. Nitakwenda wapi mimi, jamani? Nani atanipokea? Nimeapa sitaigusa ramani tena maisha yangu yote.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeifungua kidogo tu, kuiaga.

Mungu wangu! Nukta zote nne zimeacha kuzunguka. Zinakuja mbio, zimefuatana, upande huu huu! Nani anakimbiza mashua hivyo bure? Jodari wamehama! Wanaingia bandarini kwetu, na akina Shemeji wako nyuma yao! Kosa langu lilikuwa dogo tu: niliwahi mno.

Binamu naye kachungulia ramani, kaguna, karuka ukuta wa nyuma bila viatu. Godoro kaliacha. Chumba kimesalimika!

Habari ni za jana, kwa hiyo wamekwisha fika. Naam, nawasikia uani, ni wengi, wananiita kwa sauti kubwa. Dada ananisukuma nitokee dirishani. Dirishani, siku ya ushindi wangu? Nimevaa shati safi. Nimeshika ramani. Nakwenda kuwafungulia.