Akiba Yenye Mabawa

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Chai bila maziwa. Kisha muujiza! Fedha za marehemu shangazi Edna zimeingia benki. Pauni elfu nane na mia tano, zangu mimi Trevor Hindmarsh peke yangu. Dada yangu Denise naye kapata kiasi hichohicho. Shangazi Edna, ambaye maisha yake yote alinipa soksi tu kila Krismasi! Nimelia kidogo. Halafu nikaacha kulia, nikaanza kuogopa.

Ruzuku! Tangu kiwanda cha biskuti kifungwe, serikali ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba na kunitia mkate mdomoni. Na mtu wa ruzuku akiwa na akiba zaidi ya pauni elfu sita, hukatwa. Klabuni tunakonywea bia kila mtu anajua hivyo. Wanasema hukatwa kila kitu, siku hiyohiyo, na mwezi ukiisha uko barabarani na kochi lako. Nyumba hii ndimo nilimozaliwa. Mama alifia chumba cha mbele. Sitoki.

Denise kapiga simu. Kaniambia niwaarifu watu wa ruzuku leo hii, ni dakika mbili tu kwenye mtandao, yeye naye anapata ruzuku na keshawaarifu. Huyo hupanga hata vijiko vyake kwa ukubwa. Nimemwambia nitaarifu.

Sitaarifu.

Jumatano, 7 Mei

Nimefikiria kupiga simu ofisini kuuliza tu, bila kutaja jina, mtu mwenye elfu nane hufanywa nini. Nimeshika simu, nimeiweka. Kuuliza ni kujitangaza. Wana mitambo ya kutambua sauti, nina hakika.

Mchana wazo limenijia nikiosha sufuria. Vitu vya mtu havihesabiwi! Kochi halihesabiwi. Baiskeli haihesabiwi. Basi fedha zigeuzwe kitu. Lakini kitu gani? Mimi sihitaji kitu.

Nikachungulia dirishani. Jirani yangu Mzee Stobbs alikuwa bustanini kwake anapiga mluzi, anatikisa kopo la mahindi, anaita njiwa wake washuke. Mchimba makaa mstaafu, katibu wa klabu ya njiwa wa mashindano, ana vikombe vya ushindi mpaka chooni. Miaka yote hii ananiambia sijui lolote la ndege. Mbele ya watu! Haya, mzee. Tutaona.

Nimempata muuzaji kule Kent, mwisho kabisa wa nchi upande wa kusini, Bwana Pilbeam. Ana dume liitwalo Brigedia, bingwa, mwana wa bingwa. Pauni elfu mbili na mia tisa. Nikilipa, kinachobaki benki, pamoja na mia tatu zangu za zamani, kiko chini ya elfu sita. Nimelipa. 

Ijumaa, 9 Mei

Brigedia kafika! Ndani ya boksi, na gari la watu wanaosafirisha njiwa. Kifua kama cha mheshimiwa. Nimemweka kwenye kibanda cha makaa, nimemtandikia gazeti safi. Kanitazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Sidhani kama alipendezwa.

Stobbs alikuwa ameshaegemea ukuta. Kaomba amshike. Akaukunjua ubawa mmoja polepole, akauliza nimetoa kiasi gani. Nikamwambia ni zawadi. Akasema ni ndege wa heshima kweli, halafu akaniangalia machoni.

"Sikiliza, kijana. Huyu usimfungulie. Njiwa aliyekomaa kwao ni kule alikolelewa. Mfungie humuhumu, mtafutie jike, watoto wake ndio utakaorusha."

Kijana! Nina miaka sitini na moja. Wivu tu. Anaogopa vikombe vyake.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwisha.

Ujumbe kutoka ofisi ya ruzuku. Wanafanya ukaguzi wa madai yangu. Nitume taarifa za benki za miezi minne, na Ijumaa Bi. Lockey atanipigia simu. Bi. Lockey! Ndiye mshauri wangu. Mwanamke mpole, na mimi watu wapole ndio wananitisha kuliko wote.

Wamejuaje? Stobbs! Au Denise. Au mwenye duka la chipsi, maana Jumanne niliagiza samaki mkubwa. Nimekula nusu ya biskuti nikairudisha koponi.

Jumanne, 13 Mei

Mpango. Nimepiga picha karatasi ya benki kwa simu, na kidole gumba kimekaa juu ya ule mstari wa shangazi Edna. Kwa bahati mbaya, yaani. Mzee kama mimi, simu hizi za kisasa, vidole vinene. Nimetuma. 

Saa moja baadaye Denise kaingia bila hodi, kaleta nyama ya nguruwe na uji mzito wa dengu. Kaniuliza kama niliwaarifu. Nikasema zamani! Akasema vizuri, kwa sababu yeye walichomfanyia ni... Hapo nikakohoa, nikakimbilia bustanini. Sikutaka kusikia walichomfanyia dada yangu. Nikimsikia analia nitalia na mimi, na nikilia nitasema.

Akanifuata. Akamwona Brigedia. Akauliza njiwa wa nani. Nikasema wa Stobbs, namtunzia. Na Stobbs yule pale ukutani! Alivuta kofia yake ikamfunika macho, akaingia ndani kwake.

Mlangoni Denise kaniambia, "Kaka, mficha maradhi kifo humuumbua." Nikamwambia sina maradhi. Akanitazama kama Mama alivyokuwa akinitazama.

Jumatano, 14 Mei

Nimeamka na akili mpya. Bi. Lockey akiuliza kwa nini nilinunua njiwa, nitasema ni mchezo, naupenda tangu utotoni. Lakini atataka ushahidi. Mpenda njiwa hufanya nini? Hurusha njiwa! Kwa hiyo nimrushe leo, arudi, nimpige picha akirudi, nitume. Siku tano nimemlisha mahindi na karanga. Karanga zangu mwenyewe! Kiumbe mwenye shukrani hawezi kusahau hilo.

Nimepanda basi na boksi mpaka Barnard Castle, mji ulio kusini mwa kwetu. Mama mmoja kaniuliza kama nimebeba keki. Nikasimama kwenye majani, nikafungua kifuniko.

Akaruka! Mabawa yalipasua hewa, nikasahau shida zangu zote. Akazunguka mara moja juu yangu. Akazunguka tena. Nikampungia mkono. Halafu akanyooka kusini.

Nyumbani ni kaskazini.

Nikajiambia anatafuta upepo. Nikarudi mbio, nikasimama bustanini natikisa kopo la karanga, napiga mluzi. Nimetikisa mchana kutwa. Walikuja njiwa wote wa Stobbs, wakala, wakaondoka. Stobbs mwenyewe akatoka, akauliza nimemrusha wapi. Nikamwambia. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akavua kofia, akaiweka magotini kama yuko msibani.

"Nilikwambia, kijana."

"Labda kapumzika njiani, Mzee."

"Sasa hivi anakula chakula cha jioni Kent."

Akakaa nami hadi baridi ikaanza kuuma. Hakunicheka. Bora angenicheka.

Alhamisi, 15 Mei

Sina fedha zile. Sina njiwa. Kesho ni simu. Nimezunguka nyumba nzima nikiaga. Ukuta wa jikoni una alama za penseli, Mama alipokuwa akitupima urefu mimi na Denise. Mgeni atazipaka rangi. Nimekaa chini pale nikalia, sioni haya kuandika.

Ijumaa, 16 Mei

Saa nne kamili simu ikalia. Nikakaa ngazini ili nikizimia nisianguke mbali.

Bi. Lockey kaanza kuniuliza hali yangu. Kisha kaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama ningeweza kumtumia tena karatasi moja, ile yenye kidole. Nikasema simu yangu mbovu. Akasema hakuna shida, nimsomee mstari wenyewe.

Nikafungua kinywa nisome uongo, na nilikuwa nao tayari, marejesho ya ada ya maji. Ukatoka ukweli. Wote! Shangazi, soksi, klabu, Kent, Brigedia. Kaniuliza njiwa yuko wapi sasa. Nikasema hewani, au Kent. Nikasikia kalamu ikisimama.

Kisha akaeleza polepole. Mtu akinunua kitu kwa makusudi ya kukwepa ile elfu sita, ofisi humhesabu kana kwamba fedha bado anazo. Yaani nahesabiwa njiwa aliyeruka! Nikajikaza, nikauliza lini nihame.

"Uhame uende wapi, Bwana Hindmarsh?"

Nikamwambia si mnakata kila kitu. Akapumua. Akasema walio juu ya elfu kumi na sita ndio hukatwa kila kitu. Mimi, kwa akiba yangu, ningekatwa pauni hamsini na mbili na senti kidogo kwa mwezi, na kila ninavyotumia kwa mahitaji ya kawaida makato yangepungua. Hamsini na mbili! Denise ndivyo alivyofanyiwa. Ndicho alichotaka kuniambia nikakimbia.

Kwa hiyo makato hayo nitakatwa, na faini ya hamsini juu yake kwa kunyamaza. Nyumba iko palepale. Nikamshukuru mara tatu. Hapo ndipo alipobadilisha sauti. Kasema safari hii ataandika kwamba nimesema mwenyewe. Lakini nikificha jambo lingine, hata dogo, faili litakwenda kwa wapelelezi, na huko yeye hana la kunisaidia. Akiba ikibadilika, niripoti siku hiyohiyo. Akanifanya nirudie kwa maneno yangu. Nikarudia.

Nimetoka bustanini nikamkumbatia Stobbs. Kaniuliza nimekunywa nini.

Jumapili, 18 Mei

Pilbeam kapiga simu kutoka Kent. Brigedia alitua juu ya paa lake Jumatano hiyohiyo, jioni, akadai chakula kama hakuna kilichotokea. Pilbeam alikuwa akiitafuta namba yangu siku zote hizi. Desturi ya watu wa njiwa, ndege wa mtu akirudi unamwambia mwenyewe, naye hulipa nauli ya kurudishiwa. Au, Pilbeam akasema, kwa kuwa ndege kaonyesha msimamo, yeye yuko tayari kumchukua na kunirudishia fedha, apunguze mia mbili za usumbufu.

Nikampigia Denise. Safari hii nikamweleza kila kitu. Kanitukana kwa muda mrefu, kwa mapenzi. Kisha kasema nikubali, fedha zikiingia niripoti, na akaniapisha kwa jina la Mama. Nikaapa. Niliapa kwa dhati kabisa.

Ijumaa, 23 Mei

Zimeingia! Pauni elfu mbili na mia saba. Asubuhi nimefungua ukurasa wa ofisi, nikaandika, Bi. Lockey mpendwa. Kisha nikasimama kuchemsha chai.

Kwenye chai mtu hufikiri. Tayari wananihesabia fedha hizi kana kwamba ninazo. Sasa ninazo. Nikiripoti, si zitahesabiwa mara mbili? Ningeweza kumpigia Bi. Lockey nimuulize. Lakini kuuliza ni kujitangaza. Na ana kazi nyingi, maskini.

Kosa langu lilikuwa nini hasa? Nimelitafakari kwa unyofu, sijipendelei. Kosa langu lilikuwa mabawa.

Nimefunga ukurasa.

Jumapili, 25 Mei

Jua! Nimetoka Sunderland na basi la saa tano. Muuzaji ni mtu mwaminifu, alinishika mkono kwa mikono miwili. Mbwa wa mbio, jike, jina lake Duchess. Pauni elfu mbili na mia saba kamili, bahati iliyoje! Anakwenda miguu mitatu na nusu, lakini muuzaji kasema ni uchovu wa ushindi.

Stobbs alikuwa ukutani. Kamtazama Duchess akichechemea kutoka lango hadi mlango. Kaniuliza kama Bi. Lockey anajua. Nikamwambia mbwa si akiba, Mzee, mbwa ni kitu cha nyumbani, na mbwa hawezi kuruka kwenda Kent. Akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," akaingia ndani na kufunga mlango. Nimegundua kwamba Stobbs humwonea wivu hata mbwa.

Denise anakuja Jumanne. Nitasema ni wa Stobbs.

Jioni hii nimesoma tena ujumbe alionitumia Bi. Lockey baada ya ile simu, maana mimi ni mtu wa kufuata sheria. Unasema niripoti akiba ikibadilika. Nimeiangalia. Imelala kwenye kochi, miguu juu, inakoroma, na haijabadilika hata kidogo tangu saa nane mchana.